Dirisha Lililobaki kwenye Monita ya Mwaisaka

Usingizi wa jana usiku ulinipeleka ndani ya kompyuta ya dada yangu, na naomba nisimulie yote bila kukatizwa, maana hata mwenyewe sijamaliza kuelewa.

Kwanza mjue nilichokifanya mchana.

Dada Atuganile anaandika programu. Hapa kwake Mbeya ana meza moja na skrini tatu. Kushoto ipo laptopu, katikati monita kubwa, kulia monita ya kuazima, mali ya Mwaisaka, jamaa aliyesoma naye. Juzi Dada alienda Tukuyu kwenye sendoff ya binamu yetu. Anatoka mlangoni na kitenge chake begani, akageuka.

"Amba, sikia. Usizime. Usichomoe. Usiguse."

"Kwani mi mtoto, Dada? Si nimemaliza fomu foo?"

"Ndo maana nakwambia mara tatu."

Kwenye monita ya kulia aliacha wazi dirisha lake la kuandikia programu. Kazi ya siku mbili nzima imo mle, na hajaisevu. Yeye ana mwiko wake: kama programu bado inagoma mahali, haisevu, anasema akisevu kitu kibovu na ubovu unajisevu. Hiyo programu ni ya zahanati. Inawatumia akina mama ujumbe siku ya chanjo ya watoto wao. Leo saa tatu asubuhi alitakiwa abebe laptopu tu aende nayo zahanati, manesi waione ikifanya kazi.

Jana mchana akaja Mwaisaka.

"Dogo, nimefuata monita yangu. Nahamia Tunduma, gari iko hapo nje inaunguruma."

"Dada hayupo, bro."

"Nimeshaongea naye tangu wiki iliyopita. We chomoa tu."

Nikachomoa. Mtu na kitu chake akikwambia chomoa, unachomoa. Nampungia mkono, narudi ndani, naangalia skrini mbili zilizobaki. Dirisha halipo. Chini kwenye ule mstari wa alama, alama yake ipo, inawaka kabisa. Naibonyeza, hakitokei kitu. Kompyuta inasema dirisha liko wazi. Mi silioni. Dirisha limebaki kwenye monita, na monita iko njiani inakwenda Tunduma.

Sikumpigia Dada. Ningeanzia wapi? Nilikaa kwenye kiti nikikodolea skrini mpaka nikalala pale pale, na viatu sijavua.

Sasa ndoto.

Ni mchana mweupe. Nimesimama ndani ya laptopu. Sakafu ni picha ya Ziwa Ngozi, ile Dada anayoweka nyuma ya kila kitu, na nikikanyaga maji hayatikisiki. Mbele yangu amesimama Mshale, yule anayefuata mausi. Mrefu kama nguzo ya umeme, mweupe, ameinama kidogo kushoto kama kawaida yake.

"We ndo umechomoa?" ananiuliza.

"Ndio mimi."

"Nilikuwa naelekea kule. Nimegonga pua mahali ambapo jana palikuwa na barabara."

"Pole."

"Pua ndo mwili wangu wote," anasema. "Twende."

Tunatembea kwenda kulia. Mwisho wa laptopu kuna ukuta mrefu mpaka juu, na chini kabisa kwenye kona kuna uwazi mdogo. Nauliza kwa nini mlango umewekwa chini vile kama wa banda la kuku. Mshale ananiambia dada yangu ndiye aliyepanga. Alipozipanga skrini kwenye mipangilio alizishikisha kwa kona tu, na hapa watu wanavuka pale skrini zinapogusana, mahali pengine hapavukiki.

Juu ya uwazi kuna kibao. Upande wetu kimeandikwa asilimia mia na hamsini. Upande wa pili, mia.

"Humu ukubwa sio wako," Mshale ananionya. "Ukubwa ni wa skrini. Ukivuka nusu, unabadilika wote. Na usiache kitu nyuma."

Naingiza kichwa, nipo vile vile. Naingiza mabega, nipo vile vile. Kitovu kinapovuka tu, fyuu! Nasinyaa. Suruali inasinyaa na mimi, namshukuru Mungu. Mshale naye amepungua. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Nimesimama kwenye monita kubwa. Jamani. Mi nimeshafika uwanja wa mpira, nimeshapanda juu ya mlima Loleza nikaiona Mbeya yote, lakini upana kama ule sijawahi. Kweupe mpaka jicho linakata tamaa. Nainama niguse ule weupe, ndo nagundua kwamba sio weupe. Ni taa. Taa ndogo ndogo zimepangwa tatu tatu, nyekundu, kijani, bluu, zimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi, na zote zinawaka kwa pamoja.

"Nyeupe iko wapi?" nauliza.

"Hakuna nyeupe," anasema Mshale. "Kuna hizo tatu zinasaidiana."

Nilikaa pale sijui muda gani. Miaka yote naangalia skrini, kumbe kuna mamilioni ya watatu watatu wanashikana mikono ili mimi nione ukurasa mtupu. Nilivua kofia. Kofia yenyewe sijui niliitoa wapi.

Katikati ya ule uwanja tunamkuta mzee amekaa kwenye kigoda. Simwoni vizuri. Nafikicha macho, bado. Kila kitu kingine kinaonekana sawasawa, yeye tu ndo ana ukungu, kama mtu anayetazamwa kupitia karatasi ya maandazi.

"Shikamoo, mzee."

"Mmmhaba."

"Huyo ni Kikokotoo," Mshale ananinong'oneza. "Wa zamani sana. Hajui kubadilisha kipimo. Akivuka, wanamvuta tu kama mpira, ndo anakuwa hivyo. Usimwambie ana ukungu, anajisikia vibaya."

"Mzee," nasema, "natafuta dirisha la dada yangu."

"Liko kuleee." Mkono wake ulionyesha kulia, nadhani. "Na mimi nilishapotelea huko. Miezi minne."

"Ulitokaje?"

"Nmmbwa sgea."

"Samahani, mzee?"

"Niliambiwa sogea!" Kwa hasira kidogo akaonekana vizuri nusu sekunde. "Huko hushikwi kichwa, kichwa hakifikiki. Mtu anakuja, anakwambia sogea. Halafu anapiga hatua moja kushoto. Moja tu. Baada ya hapo unanasa kwa Mshale, popote alipo, na huachi mpaka akubonyeze."

Nikamshukuru. Akaniuliza saba mara nane ngapi. Nikasema hamsini na sita. Akasema, "Umesoma," akafumba macho, au nilidhani amefumba.

Tunafika mwisho wa monita kubwa. Hapa hakuna ukuta wala uwazi. Taa zinaisha tu, mstari mmoja wa mwisho, na baada ya hapo hakuna giza, maana hata giza ni skrini iliyozimwa. Hapa hakuna kitu cha kuzima.

Mshale amesimama, pua imegusa hewa.

"Mi mwisho wangu hapa."

"Sasa nani ananipeleka?"

"Nani alichomoa?"

Nikakanyaga.

Ninachoenda kukisema sijui nitakisemaje. Kule hakuna asilimia. Sikuwa mkubwa, sikuwa mdogo. Nilikuwepo tu, bila kipimo. Nilitaka kuogopa nikakosa mahali pa kuiweka hofu, maana hata moyo haukuwa na ukubwa. Kimya. Halafu nikasikia sauti. Polepole, ya kike, inafanana na ya Dada anapohesabu akiba ya sabuni, lakini sio yeye.

"Kama mtoto ametimiza wiki sita, mwite mama yake. Kama ametimiza wiki kumi, mwite. Kama ametimiza wiki kumi na nne, mwite. Kama mama hajajibu, mwite tena. Kama simu imezimwa, mwite jirani..."

Ilikuwa inafika hapo kwenye jirani, inakwama, inarudi mwanzo. Wiki sita, wiki kumi, wiki kumi na nne. Ndo ile sehemu iliyokuwa inamgomea Dada.

"Dirisha?" naita.

"Nipo."

"Unafanya nini huku?"

"Nimekaa nilipowekwa. Dada yako aliniweka hapa. Skrini imekuwaje?"

"Iko Tunduma."

"Sawa," akasema Dirisha. Hakulaumu. Ndo kilichoniuma. "Nina kitone cheupe kifuani. Unakiona?"

Sikukiona, hapakuwa na cha kuonea. Lakini nakijua. Ni kile kinachokaa pembeni ya jina la faili kama hujasevu.

"Nikifungwa na hiki kitone," akasema, "watoto wote hawa wanaondoka na mimi. Nimewapanga mia tatu na kumi na wawili. Nimewajua kwa majina."

"Nisamehe," nikasema. "Mimi ndo nilichomoa. Sikuangalia kama upo."

"Nilijua ni wewe. Dada yako anachomoa taratibu. Unajua neno?"

"Sogea," nikasema.

Nikapiga hatua moja kushoto.

Weee! Kama wavu unavyochomolewa majini. Dirisha lote likatoka pale nilipo, likaruka, likaenda kunasa kwenye pua ya Mshale kule ng'ambo, na mimi nikiwa nimeng'ang'ania ukingo wake wa chini. Ghafla tuko kwenye mwanga. Taa zote tatu tatu zinaanza kubadilika chini yetu, kijani, waridi, njano, kila mstari alioandika Dada unawaka na rangi yake. Mia tatu na kumi na wawili, jina kwa jina. Naliona la kwanza, Subilaga. La pili, Tuntufye. Nasoma kama mtu anayesoma nyota. Kikokotoo amesimama kwenye kigoda anapiga makofi yenye ukungu.

"Usishangae sana," anasema Mshale, "bado laptopu. Dada yako anabeba laptopu tu. Tukimwacha huyu hapa, akichomoa na hii, anapotea tena."

Tunakimbia kushoto. Tunafika kwenye ule uwazi wa chini. Dirisha ni pana, uwazi mdogo.

"Atapita?"

"Anapita. Hofu yangu ni kichwa chake," anasema Mshale. Anatetemeka, na Mshale akitetemeka kila kitu kinatetemeka. "Nimemshika kichwani, kwenye ule ukanda wa juu. Kushoto kwa hapo nilipomshika kuna ule msalaba wa kufungia dirisha. Akivuka nusu ataumuka. Akiumuka, msalaba unaweza kuja chini ya pua yangu. Nikigusa..."

Akageuzia pua kwenye uwazi.

"Nisukume kulia kidogo," akasema. "Wakati anaumuka. Sio sana."

Dirisha anaingia. Robo. Theluthi. Mi nimemkumbatia Mshale kiunoni, mguu mmoja laptopu, mguu mmoja monita, mkono wa kushoto nimejishikilia ukingo wa taa za mwisho za monita nisianguke. Dirisha anaendelea kusoma kwa sauti ile ile, kama haimhusu. Kama ametimiza wiki sita, mwite. Kama simu imezimwa, mwite jirani. Kama jirani hayupo...

Hapo hajawahi kufika. Nusu ikapita.

Akaumuka! Herufi zikawa kubwa kama milango ya kanisa. Msalaba ukaja mbio kutoka kushoto, mwekundu, unakuja chini ya pua ya Mshale, nikamsukuma. Ukampita kwa unywele mmoja tu. Nikavuka kitovu, fyuu, na mimi nikakua. Dirisha akatua juu ya Ziwa Ngozi, salama, na kwa mara ya kwanza maji yakatikisika.

"...kama jirani hayupo," akasema Dirisha, "mwite mtu yeyote anayempenda huyo mtoto."

"Kidole!" Mshale akapiga kelele. "We! Vuta kidole chako!"

Simu ikaita.

Nikaamka kwenye kiti. Jua limeshaingia dirishani, simu inaita mezani, ni Dada.

"Nifungulie, niko mlangoni, saa moja na nusu hii, bado sijaoga."

Akaingia na mkoba wake na mfuko wa pilau ya sendoff. Akaona meza.

"Monita ya Mwaisaka iko wapi?"

Nikamwambia yote ya mchana. Nilichomoa, sikuangalia, sikukupigia, nisamehe. Nilisema nikiangalia chini. Yeye akavuta kiti, akakaa.

"Sasa mbona dirisha liko hapa?"

Nikainua macho. Lipo. Katikati ya laptopu, mistari yote, kitone cheupe kwenye jina la faili. Dada akashuka mpaka chini, mpaka pale kwenye jirani, na mkono wake ukasimama. Kuna mstari mmoja chini yake. Akausoma mara mbili bila sauti. Akaijaribu programu. Haikugoma. Akasevu, kitone kikazimika.

"Huu mstari sijauandika mimi," akasema.

Nikataka kumwonyesha kwa kidole. Ndo nikaona kidole. Kile kidogo cha mkono wa kushoto. Hakiumi, kinakunjika vizuri, kucha ipo. Nikakilinganisha na mwenzake wa kulia, nikafungua mtoto wa meza, nikatoa rula.

Cha kulia, sentimita sita. Cha kushoto, nne kamili.

Dada aliitazama rula. Akazitazama skrini zake mbili, ile ya mia na hamsini, na ile ya mia. Akaushika mkono wangu, akaugeuza taratibu.

"Amba," akasema kwa sauti ya chini, "ulipitia kule kwenye kona?"