Kugawa kwa Kumi na Mbili

Karatasi ilikuwa ya ndani ya pakiti ya majani ya chai, upande mmoja fedha, upande wa pili nyeupe. Sarla aliinyoosha kwa kiganja juu ya kifuniko cha debe la unga, akakaa chini na kalamu, akaanza kuandika kwenye upande mweupe. Nyuma yake, kwenye kitanda cha kamba, mama mkwe wake Ramkunwar alikuwa amelala ubavu wa kulia, mdomo umekwenda upande, akimwangalia. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nne alitakiwa kugeuzwa.

Kwa mwezi, rupia mia saba. Kuunganishiwa waya, elfu moja na mia tano. Ruta, elfu mbili, na hizo zingerudishwa siku ya kuirudisha, kama haina mkwaruzo. Au alipe mwaka mzima kwa mkupuo, elfu sita na mia sita, na hapo waya bure, ruta bure. Zamani lilikuwepo bando la miezi sita. Lokesh, mwenye waya wa intaneti wa mtaa ule, alimwambia wameliondoa kwa sababu watu walikuwa hawalipendi.

Sarla aliandika elfu sita na mia sita, akaigawa kwa kumi na mbili. Ikatoka mia tano na hamsini. Akarudia kugawa, kwa kuwa hesabu ikimpendeza huwa haiamini. Ikatoka ile ile.

Shida ilikuwa kwamba hakuwa na miezi kumi na miwili.

Hakuna aliyekuwa nayo katika mtaa wao mjini Indore, ng'ambo ya reli. Mikataba yote ya kupanga ilikuwa ya miezi kumi na mmoja. Mkataba wa mwaka ni lazima upelekwe ofisi ya serikali ukaandikishwe, na mpangaji akapata pa kushikia. Wa miezi kumi na mmoja unaishia kwa karani mwenye meza ya kukunja nje ya mahakama, anapiga muhuri, basi. Sarla alikuwa amekwisha kukaa mitano. Ilibaki sita.

Karibu miezi yote hiyo mitano alikuwa akifanya kazi kiwanda cha tambi za dengu, akifunga pakiti kwa mshumaa. Kisha asubuhi moja Ramkunwar alishindwa kushika kikombe. Kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kushoto. Mwana wa pekee wa Ramkunwar, ambaye ndiye alikuwa mume wa Sarla, alianguka kwenye jukwaa la wajenzi miaka mitatu nyuma, akafa. Hapakuwa na mwingine wa kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, kumlisha mchele wa kupondwa na kumbadilisha nguo. Kiwandani hawakumngoja.

Kazi ya pili aliipata kupitia binti wa jirani. Kampuni moja ilikuwa inatafuta watu wa kusikiliza simu za wateja zilizorekodiwa na kuziandika kwa Kihindi, neno kwa neno, kila mtu nyumbani kwake. Rupia elfu kumi na moja kwa mwezi. Sarla alikuwa amesoma hadi darasa la kumi na alikuwa anapiga chapa haraka. Alifanya mtihani akapita. Kompyuta wangemwazima. Masharti yalikuwa mawili tu: intaneti iwe ya waya, si ya simu, maana ya simu hukatika mchana, na risiti ya waya iwe na jina lake na anwani ile ile iliyomo kwenye mkataba wa nyumba. Alipewa siku tisa.

Akaandika tena. Mia saba mara sita, elfu nne na mia mbili. Jumlisha elfu moja na mia tano, elfu tano na mia saba. Jumlisha elfu mbili za ruta, elfu saba na mia saba, na hizo za ruta zingerudi mwisho tu, kama zingerudi. Ya mwaka ilikuwa rahisi kuliko hiyo. Lakini akiondoka baada ya miezi sita, atakuwa amelipa elfu moja na mia moja kwa kila mwezi. Akiongezewa mkataba, ni mia tano na hamsini. Hesabu yote ilining'inia kwenye mdomo wa mwenye nyumba.

Basi akamgeuza mama mkwe wake, akamwekea mto mgongoni, akapanda ghorofa ya juu kwa mwenye nyumba, mzee Girdharilal.

Girdharilal alikuwa barazani anamenya chungwa, anapanga maganda kwenye sahani kwa ukubwa wake. Sarla alisimama mlangoni, pembe ya sari kichwani, akamweleza yote: kazi, waya, bando la mwaka. Mzee alimsikiliza vizuri. Kisha Sarla akauliza alichokijia.

"Baba, mkataba ukiisha, utaniongezea? Nataka kujua kabla sijalipa."

"Wewe mwanangu, nani amekufukuza?"

"Hakuna, baba. Nauliza tu."

"Kodi unalipa tarehe mbili. Kelele huna. Nyama hupiki. Nikufukuze nikamlete nani, mwendawazimu?" Akampa vipande viwili vya chungwa, kimoja chake, kimoja cha mgonjwa. "Weka waya wako. Weka wa mwaka, ndio nafuu."

Kisha akamwambia kwamba kwa kuwa ukuta utatobolewa, itabidi aandike barua ya kuridhia, na barua hiyo ni rupia mia tano. Sarla alisema sawa. Kwenye ngazi ndipo alipokumbuka kwamba Lokesh ni mtoto wa dada yake mzee, na kwamba ni waya wa Lokesh peke yake ulioruhusiwa kupita juu ya paa lile. Hakuliona hilo kuwa jambo. Kila paa lilikuwa na mtu wake.

Ramkunwar hakuwa amelala. Mkono wake mzima ulikuwa unavuta blanketi miguuni, unavuta na kuonyesha. Alikuwa amevaa mafurungu ya fedha, mazito, yale ya kuolewa nayo kijijini, ambayo hayakuwa yametoka miguuni kwake miaka arobaini na sita. Sarla alijifanya haelewi. Mama mkwe akagonga furungu kwa kucha, ti, ti, ti, hadi akaelewa.

Yalitoka kwa sabuni, na la kushoto kwa tabu. Sonara alitoa elfu saba na mia nane. Palipokuwa na mafurungu ngozi ilibaki nyeupe, laini kama ya mtoto mchanga, pete mbili kwenye miguu myeusi.

Lokesh alikuja mwenyewe na keekee. Alikuwa mtu wa utani, akimwita Sarla shemeji, akimwita Ramkunwar malkia. Sarla alimwonyesha pale dirishani, juu ya swichi, akamwuliza kama hawezi kupitisha waya dirishani bila kutoboa. Alisema dirisha halifungi vizuri waya ukipita, mvua ikija atamtukana yeye. Akatoboa. Unga wa saruji ulimwagika kwenye sufuria. Sarla alipokwenda kufagia aliona, upana wa vidole viwili pembeni ya tundu jipya, duara dogo la rangi tofauti kidogo na ukuta. Na juu yake lingine. Alidhani ni misumari ya picha za waliotangulia.

Kazi ilikwenda. Alisikiliza watu wakilalamikia mashine za maji, akaandika neno kwa neno, hata matusi, maana ndivyo walivyotakiwa. Saa mbili zikipita anavua visikizi, anageuza, anarudi. Ramkunwar alizizoea taa nne za kijani za ruta. Moja ikizimika alikuwa anagonga ubao wa kitanda. Mwezi wa tatu walinunua godoro la hewa la wagonjwa, la mitumba, na vidonda vya mgongoni vikaanza kukauka. Mwezi wa nne Ramkunwar aliweza kusema maji.

Wiki tatu kabla ya mkataba kuisha, Girdharilal alishuka mwenyewe. Sarla alimpa kiti, akamtilia poha, mchele bapa wa kukaanga, na tambi juu yake, na kipande cha ndimu. Mzee alikula taratibu, akiangalia kompyuta, akiangalia ruta, akiangalia godoro linavyopumua.

"Umetulia, mwanangu. Mungu mkubwa." Akafuta vidole. "Ila hii sasa si nyumba ya kulala. Hii ni ofisi."

Sarla alisema ni yeye tu na kompyuta moja ya kuazimwa.

"Ndiyo hiyo ofisi. Ofisi kodi yake ni nyingine. Mkataba mpya ni elfu saba."

Alikuwa akilipa elfu nne na mia tano. Ukitoa elfu saba kwenye elfu kumi na moja inabaki elfu nne, na dawa za Ramkunwar peke yake zilikuwa elfu tatu na ushee. Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi. Alimkumbusha, kwa sauti ya chini, alivyomwambia pale barazani.

"Nilisema sikufukuzi," Girdharilal alisema. "Nimekufukuza? Nimekutajia bei."

Chumba alichoweza kulipia kilikuwa nyuma ya soko la vitunguu, nusu saa kwa miguu. Sarla alikwenda kibanda cha Lokesh kuomba waya wake uhamishwe, kwani miezi sita ilibaki, na imelipwa. Lokesh alimletea kiti na chai. Akamweleza kwa upole kwamba kule sokoni si kwake, kuna mtu mwingine, na wao hawapandi paa la mwenzao. Mtu anaweza kuvunjwa mkono. Sarla akauliza basi pesa ya miezi iliyobaki.

"Shemeji, ya mwaka hairudi. Si imeandikwa?" Ilikuwa imeandikwa, nyuma ya risiti, herufi ndogo za zambarau. "Na ruta nitaijia mimi, usijisumbue kuibeba. Line ni ya nyumba. Siyo ya mtu."

Mtu wa sokoni naye alitaka mwaka kwa mkupuo, kwa mgeni asiyemjua hakubali mwezi mwezi. Elfu sita na mia tisa. Sarla alimpigia msimamizi wa kampuni, ambaye hakuwahi kumwona uso, akaomba mwezi mmoja. Yule dada alijibu vizuri, kwamba anamwelewa kabisa, na kwamba ana siku saba tangu siku ya kuhama kuleta risiti yenye anwani mpya, baada ya hapo mfumo unamfunga wenyewe, si yeye.

Pesa pekee iliyokuwa inakuja ni amana yake, elfu tisa, iliyoshikwa na Girdharilal. Chumba kipya kilitaka amana ya elfu nane siku ya kuingia.

Siku ya kuhama mwenye mkokoteni alimbeba Ramkunwar chini mgongoni, akamlaza juu ya godoro lililotolewa hewa, kati ya sufuria na kitanda kilichosimamishwa. Jua lilikuwa limeshika. Sarla alimfunika uso kwa pembe ya sari ya mgonjwa mwenyewe, akarudi juu kuchukua amana. Girdharilal alikuwa chumbani, ameshika noti mkononi, anapitisha macho kutani. Alinyoosha kidole kwenye tundu la waya.

"Hilo ulilikuta hivyo? Lizibe."

Kuziba kwa fundi ni siku nyingine na pesa nyingine. Sarla alitoa dawa ya meno kwenye mkoba, ile nyeupe, kama wapangaji wote wanavyofanya, akaminya kwenye kidole, akasukuma ndani. Dawa ilipotea. Akaminya tena. Alipotaka kulainisha pembeni, kucha yake iligusa lile duara la zamani, nalo likamomonyoka, kipande kikavu cheupe kikaanguka mkononi. Alikinusa bila kufikiri. Karafuu, ya dawa ya meno. Nyuma yake kulikuwa na ncha ya waya uliokatwa. Akalitazama la juu yake; hakuligusa. Aliyaziba yote mawili, lake na la aliyemtangulia, kwa dawa iliyobaki.

Nyuma yao mtu akabisha kwenye mlango uliokuwa wazi. Mwanamke kijana, miwani, mkoba wa kompyuta begani, amekuja kukiona chumba. Girdharilal alimkaribisha kwa kumwita mwanangu. Alimwonyesha bomba, dirisha, ndoano ya feni. Yule mwanamke alisema kwamba yeye anafundisha kwa kompyuta, kwa hiyo la kwanza anauliza intaneti.

"Ipo, unaweka tu. Ya mwaka ndiyo nafuu. Elfu sita na mia sita, kila kitu bure."

"Na mkataba wa hapa?"

"Miezi kumi na mmoja, kama kote. Unaongezewa. Nani atakufukuza?"

Yule mwanamke alimgeukia Sarla, aliyekuwa amesimama ukutani, kidole kimeganda dawa. Akamwita dada. Akamwuliza kama ya hapa ni nzuri, na kama yeye alichukua ya mwaka.

Girdharilal alianza kuhesabu zile noti, polepole, za mia tano mia tano, akilowesha kidole gumba. Alifika elfu tano akasimama. Alimtazama Sarla, akangoja.

Chini mwenye mkokoteni aligonga ubao, akaita kwamba mgonjwa analia.

"Nzuri," Sarla alisema. "Haikatiki."

Girdharilal akaendelea kuhesabu. Alikata noti moja ya kupaka rangi na moja ya tundu, akampa elfu nane. Sarla alizifunga kwenye pembe ya sari, akapita kati yao kuelekea ngazini. Mlangoni aligeuka, kama aliyesahau kitu. Yule mwanamke alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha dirisha, chini ya yale madoa mawili mabichi, karatasi juu ya goti. Alikuwa ameandika elfu sita na mia sita, na sasa anaigawa kwa kumi na mbili.