Bado Havijapoa

Mama mkwe na mkamwana wake hawakusalimiana ila mbele za watu, na siku hiyo kulikuwa na mtu anakuja. Mmoja tu, lakini mzito: mama mkubwa, dada yake mama mkwe, mwenye ile oveni ndogo ya umeme iliyokaa jikoni kwao miaka miwili kama amana. Alikuwa anahamia kwenye chumba kimoja, hana pa kuiweka tena, na sasa alitaka kuigawa moja kwa moja. Mama mkwe aliitaka iende kwa bintiye aliyeolewa mtaa wa pili, ambaye hata maji ya chai humshinda. Mkamwana aliitaka ibaki. Aliipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile, na mumewe tumweke kando.

"Nitaonja anachooka huyo mkamwana, kisha nitaamua," mama mkubwa alikuwa amesema.

Basi mkamwana akaamka na shughuli. Alichemsha nanasi na tende mpaka rojo ikawa nzito ya kung'ang'ania mwiko. Akachanganya oti za uji, unga, sukari na siagi iliyoyeyushwa, nusu akaishindilia kwenye trei kwa kitako cha glasi, akapaka rojo, nusu ya pili akainyunyiza juu. Baada ya dakika arobaini ovenini, kingo zilikuwa za kahawia na nyumba nzima inanukia. Ikabaki kazi moja, nayo ndiyo ngumu: kuiacha ipoe. Vipande vya oti vikikatwa vikiwa moto hugeuka pumba.

"Mama, tafadhali, trei isiguswe mpaka ipoe," alisema, akaenda kuoga.

"Mimi na chakula cha ndege wapi na wapi," mama mkwe akajibu.

Aliporudi, trei yote ilikuwa imekatwa, mshazari kwa mshazari, na kila kipande kimeporomoka. Kisu kilikuwa kimeshaoshwa. Mama mkwe ameketi anachambua mboga, mtulivu kama aliyetoka kusali.

"Nimekusaidia, mwanangu. Mgeni hangoji."

Mkamwana alitamani kummwagia trei ile kichwani. Hapo hodi ikapigwa.

Mama mkubwa hakuketi. Alitazama makombo, akaweka kiganja chini ya trei. "Mbona ya moto? Nani kakata?"

"Nani tena, si huyo mpishi wenu?" mama mkwe akadakia. "Nilikwambia hajui."

Mkamwana akafungua mdomo. Mama mkubwa akamnyamazisha kwa kidole, macho yake hayajamtoka mdogo wake.

"Mshazari," alisema. "Tangu tuko watoto, hata mkate unaukata mshazari. Mama alikuchapa, hukuacha." Akachota makombo kwa kijiko, akala, akachota tena. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Oveni ni ya mkamwana wako."

Mama mkwe alingoja dada yake apotelee mwisho wa barabara, kisha akasimama katikati ya jiko.

"Oveni yako, jiko langu. Itoe hapa leo hii."

Mume, ambaye ugomvi wa wanawake humuumiza kichwa, aliibeba mpaka chumbani kwao. Wakaiweka juu ya sanduku la nguo, hatua moja kutoka kitandani.

Siku nne oveni ilikaa baridi. Siku ya tano, asubuhi, mkamwana akaoka vipande vingine vya oti. Harufu ilipita chini ya mlango, ikazunguka sebule, ikaingia jikoni bila kubisha hodi. Alasiri, mlango wa chumba ukagongwa. Alikuwa mama mkwe, sahani mkononi, macho ukutani.

"Vimepoa?" aliuliza.

Vilikuwa vimepoa tangu adhuhuri. Vilikuwa vimekatwa mraba, vimepangwa, na kimoja kilikuwa bado mkononi mwa mkamwana, nyuma ya mgongo.

"Bado, mama," alisema, akafunga mlango taratibu.