Gari Iliyoniita Mama

Gari hii nyekundu ya milango miwili ni yangu, na anayeshangaa mwanamke wa miaka hamsini anakimbilia wapi nayo akashangae kwao. Nauza vyombo kwa jumla Kariakoo. Mtaa mzima unaniita dada Fortunata, maana sina mtoto. Wangeniita mama nani?

Nilipoinunua kwa dalali niliipeleka mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya fundi Azzan, kwa sababu mwenye nayo wa kwanza aliichezea sana. Bomba lilipiga kelele kama matarumbeta ya harusi, na springi zilikatwa mpaka kila tuta likawa linakwaruza tumbo la gari.

"Toa upuuzi wote," nikamwambia.

Chini ya dashibodi Azzan akakuta waya uliochomolewa. Akauchomeka, akawasha gari. Magari haya kutoka Japani ukiyawasha hukusalimia kwa Kijapani. Hii ikaongea kwa sauti ya mtoto:

"Mama, pole na kazi. Umeniletea nini?"

"Sijaleta kitu!" nikafoka. Gereji nzima ikageuka.

"Mwenye nayo alimrekodi mwanawe, dada," Azzan akasema taratibu. "Niitoe na hiyo?"

"Wewe toa bomba. Hiyo imekukera nini?"

Jioni, nikirudi nyumbani, nilisimama Mnazi Mmoja nikanunua karanga, nikaziweka kwenye kiti cha pembeni. Gari ilikuwa inaunguruma tu, haisemi kitu. Nikaizima, halafu nikaiwasha tena.