Reli Isiyokwenda Fisk

Mke wangu Marlys ndiye anayesoma ramani. Mimi naendesha ndege. Tumefanya hivyo kwa miaka thelathini na mmoja, na kabla ya safari hii nilikuwa nimepotea mara mbili tu, zote mbili siku alizobaki nyumbani.

Jumatatu ile ya Julai tulikuwa tunakwenda kwenye maonyesho ya ndege mjini Oshkosh, kama kila mwaka, na ndege yetu ya njano ya viti viwili. Wiki hiyo ndege zinazofika ni maelfu, kwa hiyo kanuni ni moja: usizungumze redioni. Unafika juu ya mji wa Ripon, unaishika reli, unamfuata aliyekutangulia ukiwa nusu maili nyuma yake, mpaka kijiji cha Fisk. Pale waongozaji wamekaa kilimani na darubini, wanakuita kwa rangi ya ndege yako, nawe unajibu kwa kutikisa mabawa. Kwa mtu asiyependa maneno mengi, ni pazuri kuliko kanisani.

Siku hiyo hatukumkuta mtu mbele yetu. Juu ya Ripon reli zinagawanyika.

"Ipi?" nikamuuliza Marlys.

"Ya kulia."

Alijibu bila kuitazama ramani iliyokuwa magotini pake. Hilo nililiona. Mambo mengi huwa nayaona kwanza, kisha nayapa muda.

Dakika tatu baadaye chini yetu palikuwa na mahindi, kisha ng'ombe, kisha mahindi tena.

"Nyuma kuna watu?" Marlys akauliza.

Nikageuza shingo. "Watano."

"Wamenyooka?"

"Kama bata."

"Basi tuko sawa. Watu watano hawawezi kukosea kwa pamoja."

Mbele kukatokea kiwanda cha jibini, chenye paa jeupe na malori uani. Katika miaka yote hiyo sijawahi kukiona kiwanda cha jibini njiani kwenda Fisk. Nilikuwa bado nalifikiria hilo redio iliposema, kwa sauti ya mwanamume asiye na haraka:

"Ndege ya njano unayeongoza msafara kwenda kununua jibini. Fisk iko kushoto kwako, maili nne. Kama umenisikia, tikisa mabawa."

Nikatikisa.

"Vizuri. Na nyie wote mlio nyuma yake, tikiseni."

Sikuweza kuwaona wote, ila bwana mmoja mwenye shamba alikuwa amesimama juu ya trekta lake akitupungia mkono. Nadhani alifikiri tunamsalimia.

"Sasa geukeni kushoto, mmoja mmoja, taratibu. Na msimfuate tena huyo wa njano. Wa njano, wewe utakuwa wa mwisho."

Marlys aliikunja ramani, akaiingiza chini ya kiti. Tulitua, tukasukuma ndege kwenye nyasi na kupiga hema chini ya bawa.

"Mwakani nitakuja kwa gari," akasema huku akigonga kigingi. "Nitaleta viti vile vizuri vya nyumbani."

"Na mimi?"

"Wewe utaruka. Si ndio kazi yako?"

Nilikuwa najua tangu zamani, ingawa sikuwahi kumwambia mtu yeyote, kwamba siku Marlys atakapokiacha kile kiti cha kulia, mimi nitaiuza ndege. Si kwamba siwezi kuruka peke yangu. Sioni tu ninakokwenda kuna nini.

Jioni, tukiwa tunakula soseji, akaja bwana mmoja mwembamba mwenye kofia ya jimbo la Iowa. Akaizunguka ndege yetu, akaisoma namba yake, akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye wa njano?"

"Ndiye mimi. Elroy Zastrow."

"Harlan. Mimi ndiye namba mbili, ile ya buluu." Akavuta pumzi. "Mke wangu aliniambia tumeshika reli siyo. Nikamwambia, nyamaza bibi wee, yule wa mbele anajua anachofanya."

"Pole sana."

"Sasa nimekatazwa kutoa maoni mpaka Jumapili."

"Mwambie mkeo kosa ni langu," Marlys akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Harlan akamgeukia. "Mama, nikimwambia kwamba mbele napo alikuwepo mwanamke wa kulaumiwa, hatanisamehe. Acha tu kosa liwe la mzee hapa." Akala soseji moja, akaondoka akiwa na furaha kuliko alivyokuja.

Marlys alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Sioni, Elroy," akasema. "Mbali naona nusunusu. Karibu ndiyo balaa. Herufi za ramani zimekuwa kama sisimizi. Daktari anasema ni katikati ya jicho, na halirudi."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Nikahesabu kimoyomoyo. Safari kumi na nne, mbili kati ya hizo zenye mvua. "Sasa ulikuwa unasoma nini?"

"Nilikuwa nakumbuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia nipumzike."

Nililifikiria jambo hilo kwa haki kadiri nilivyoweza. Ni kweli, ningemwambia apumzike.

Asubuhi nikamwomba anisindikize kwenye banda la vifaa vya ndege. Alikuja shingo upande. Mle ndani kila meza ilikuwa na vioo vya ramani vinavyowaka, na mbele ya kila kioo wanaume wamesimama mikono mifukoni, kama watu wanaomtazama ndama wa jirani. Tukasimama mbele ya kimoja. Aliyekuwa akikiuza, Garrett, alikuwa mtu mzima, mchangamfu, mwenye jina lake kifuani.

"Karibu mzee. Tazama hii. Huyu hapa ni wewe," akaonyesha kindege kidogo katikati ya ramani. "Ukienda, ramani inakwenda. Ndege za wengine ni hivi vishale. Na inazungumza."

"Pinda kushoto," kikasema kioo, kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu.

"Hupotei tena maisha yako yote. Wala humhitaji mtu wa ramani."

Marlys alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Herufi zinakuwa kubwa kiasi gani?" nikauliza.

Si swali alilolitarajia. Akagusa mahali, zikakua mpaka kufikia ukubwa wa kidole gumba. Marlys akainua kichwa.

"Ongeza," akasema.

"Mama, zikizidi hapo ramani yenyewe itafichika."

"Wewe ongeza tu."

Akaongeza. Marlys akainamisha kichwa upande, kama ninavyomwona akifanya siku hizi anapotia uzi kwenye sindano, na nikafahamu sasa kwa nini. "Ripon," akasoma polepole. "Fisk. Hii hapa ndiyo reli." Akaifuata kwa kidole. "Na hii ndiyo ile nyingine. Kumbe zinaachana mapema hivi."

Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Ule uwanja wa ndege wa nyasi wa Zimdars umo?"

"Huu hapa, mama. Urefu, upande wa upepo, kila kitu."

"Na mbwa?"

"Mbwa?"

"Zimdars ana mbwa anayekimbiza matairi. Lazima uzime injini kabla hujafika kwenye ghala."

Garrett akatafuta, nadhani kwa heshima tu. "Mbwa hayumo."

"Na yule mama wa mkahawa wa pale anayefunga mapema siku ya mchezo wa bingo?"

"Naye hayumo."

"Basi hiki kitu kinajua nusu ya kazi," Marlys akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyozungumza na mkwe mpya.

Garrett akanigeukia mimi, akatoa mchoro wa ndege kama yetu. "Kwa kawaida tunakifunga hapa, mzee. Mbele ya rubani."

"Kifunge kulia," nikasema.

"Kulia hukaa abiria."

"Kwetu hakai abiria."

Akatazama mchoro, akanitazama mimi. "Sasa wewe utajuaje uko wapi?"

"Nitamuuliza."

Marlys hakunitazama. Alisema tu kwamba upande ule kuna kisanduku chake cha peremende, na kwamba hajakubali kitolewe. Garrett akapima kwa rula, akasema kisanduku kinaweza kushuka kidogo. Wakabishana kuhusu inchi mbili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mimi nikakaa kando, sikuingilia.

"Na hii sauti inazimwa wapi?" Marlys akauliza mwishowe.

"Ndiyo inayokuonyesha njia, mama. Watu wanaipenda sana."

"Nimekuuliza inazimwa wapi."

Akamwonyesha. Marlys akabonyeza mwenyewe, akangoja kuhakikisha kwamba kimya ni kimya kweli. Kisha akaniambia mwakani tuondoke nyumbani saa moja asubuhi, si saa tatu, tufike Ripon foleni haijaanza, tuwe tena wa mbele.