Kosa la Nyangi

Mara ya kwanza pafu la Bitutu liliposinyaa, majirani zake huko Rangwe walinong'ona kwamba ni kifua kikuu. Mara ya pili alikuwa ameinamia cherehani, akishona sare za kwaya ya kanisa lake la Sabato, alipohisi kama kisu kimemchoma ubavuni. Pumzi ikakatika. Akakimbizwa hospitali Homa Bay, akatiwa mpira kifuani kuitoa hewa iliyolibana pafu.

Siku ya nne Daktari Lorine alivuta kiti, akamtazama usoni kwa muda. Alikuwa akivitazama vipele vidogo vyeupe vya puani na mashavuni, ambavyo Bitutu alikuwa navyo miaka mingi bila kuwashwa.

"Kwenu kuna mwingine mwenye hivi?"

"Kaka yangu Motari. Na marehemu baba."

"Kuna aliyewahi kushikwa na kifua ghafla?"

Bitutu akamsimulia. Motari naye alitiwa mpira kama huo huko Migori, miaka mitatu iliyopita. Na baba yao, Mzee Arasa, alianguka shambani Kegonga ameshika kifua, muda mfupi baada ya kula chakula cha mke wake mdogo, Nyangi. Hakuna aliyeipeleka maiti kupimwa. Ukoo ukakata kauli: sumu. Bitutu mwenyewe ndiye aliyemnyooshea Nyangi kidole kando ya kaburi. Sasa ni miaka kumi na moja, na hakuna hata mmoja wao aliyemjulia hali.

Skani ilionyesha vifuko vya hewa vimejaa sehemu za chini za mapafu yake, na damu iliyopelekwa Nairobi ikathibitisha: ugonjwa adimu wa kurithi, ambao vipele vile ni dalili yake.

"Kifuko kikipasuka, hewa hutoroka, pafu linasinyaa," daktari alisema. "Baba yako alikufa kutokana na nini, siwezi kuapa. Lakini huu unaweza kuwa ndio. Kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Figo pia zichunguzwe, kwa sababu uvimbe huota huko, na ukionekana mapema unatibika. Mko wangapi?"

"Wawili," Bitutu alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Watatu. Kuna Gesare, binti wa Nyangi."

Alipofanyiwa upasuaji wa kuligandisha pafu kwenye ukuta wa kifua lisisinyae tena, na nguvu zikamrudia, alimfuata Motari.

"Tutamwambia nini yule mama?" Motari aliuliza.

"Ukweli. Tukichelewa, Gesare ataanguka kama baba."

Walimkuta Nyangi uani akipukuchua mahindi. Hakusimama.

"Mmekuja kunimaliza?"

Bitutu akapiga magoti. "Mama, tulikukosea. Mimi ndiye niliyeanza. Baba huenda alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na sisi tunao."

Nyangi alisikiliza mpaka mwisho, punje zikimporomoka mkononi.

"Mlinitenga, nikavumilia," alisema. "Lakini mnajua kilichoniumiza? Kuna siku hata mimi nilijiuliza kama ule unga niliompikia siku ile ulikuwa na kitu."

Bitutu akalia. Motari akachuchumaa kando ya mama huyo, akaanza naye kupukuchua.

Wiki iliyofuata waliandamana wote wanne kwa daktari. Gesare, mwenye miaka ishirini na mbili, alipatikana na vifuko vichache. Figo zake zilikuwa safi.

"Kwa hiyo nitaishi hivi na hofu?" aliuliza.

"Utaishi na habari," Daktari Lorine alisema. "Usivute sigara. Kifua kikichoma, usingoje kesho. Na figo tutazitazama mara kwa mara."

Nyangi ndiye aliyebaki kitini wakati wengine wameinuka. "Daktari, niandikie. Hayo uliyosema kuhusu mume wangu, yote, hata pale usipokuwa na hakika."

Daktari akaandika. Jumapili hiyo ukoo ulikutana Kegonga, na Motari akasimama kuisoma barua ile, neno kwa neno. Alipomaliza, dada mkubwa wa Arasa, aliyekuwa hajamtazama Nyangi tangu mazishi, alisogea kwenye benchi, akampisha nafasi akae.