Naliaka na Kofia ya Kondoo

Jumamosi tunaweka msalaba kwa kaburi la mke wangu Naliaka, na picha ya kubandika hapo sina. Iko moja tu, ya kitambulisho. Amekunja uso kama mtu ameshikwa na polisi. Msichana wetu Mercyline aliiangalia akasema, "Baba, huyu si mama." Na kweli si yeye.

Kibanda chetu kiko huku juu ya Mai Mahiu, pale magari ya watalii husimama waone bonde. Tuliuza kofia za ngozi ya kondoo, mimi na yeye. Wageni ndio walisomesha Mercyline, hiyo siwezi kukataa. Lakini pesa yao kubwa inapita tu hapa ikienda kwa wakubwa. Siku Naliaka alikosa pumzi, kituo cha afya hapo chini hakikuwa na oksijeni. Tangu hapo mzungu akiinua kamera namwambia picha si ya bure.

Jana Thuo, dereva wa watalii, alisimamisha gari. Akashuka mama mzungu, mzee, akachungulia kibanda, akachungulia tena.

"Anauliza yule mama wa kucheka ako wapi," Thuo akasema.

"Mwambie aulize serikali."

"Mzee, hiyo nitatafsiri aje?"

"Basi mwambie alikufa."

Akamwambia. Yule mama akanishika mkono. Halafu akafungua mkoba akatoa picha. Aliipiga hapa safari iliyopita, akaibeba kutoka kwao amletee mwenyewe.

Naliaka. Amevaa kofia ya kondoo imemfunika jicho moja, anacheka mpaka pengo linaonekana. Pembeni kuna mkono umeshika kofia. Ni mkono wangu. Ndio nilikuwa namvisha.

Nilikaa chini, juu ya gunia la ngozi.

Kisha nikasimama nikachagua kofia, ile nyeupe, nikamvisha huyo mama, nikaivuta kidogo ije kwa jicho. Akacheka. Akampa Thuo simu atupige picha. Nikasogea karibu.

"Baba Mercyline!" Wachuka akaita kutoka kibanda cha pili. "Si ulisema picha si ya bure?"

"Nyamaza, Wachuka. Hii imeshalipwa."

Jumamosi wakubwa watakuja, hawakosi mahali kuna maikrofoni. Watasema pole. Waseme wakimwangalia. Naliaka atakuwa hapo msalabani na kofia yake, anawacheka.