Sauti ya Nyuma ya Pazia

Mabango yalisema ONYESHO LA MWISHO. Katika mji uliotangulia yalisema hivyohivyo, na mji wa kabla ya huo pia, kwa hiyo Fimbo, mpiga drams wa bendi, alikuwa amekwisha kuagana na mashabiki mpaka mkono wa kuaga ukaota sugu. Watu walikuja, wakasukumana mlangoni, wakalia machozi ya kweli, na kesho yake bendi ikapanda basi kwenda kufa mji mwingine.

Hiyo ndiyo akili ya Meneja. Bendi ilipokuwa hai na afya yake, kumbi zilikuwa nusu tupu, viti vinatazamana. Siku aliyotangaza kwamba inavunjika, hata waliokuwa wakiizomea wakajifanya wafiwa. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanakiua kitu kwa mikono yao wenyewe, halafu wanasimama mlangoni kukata tiketi za mazishi.

Fimbo hakuwa na hamu na ziara ile. Kitu kimoja tu kilimpandisha basi, nacho ni mkewe.

Mkewe aliitwa Chiriku, kwa kuwa hakuwa mtu wa kunyamaza, na ndiye aliyeimba nyimbo zote zilizoipa bendi jina. Nje ya bendi hakuna aliyemjua. Siku ya kwanza Meneja alimtazama juu mpaka chini, mfupi, mnene, jino moja la mbele halipo, akasema sauti ni dhahabu ila sanduku lake halifai. Akamwekea pazia jeusi nyuma ya jukwaa, kando ya drams, akamkalisha humo na maiki. Mbele akasimamisha msichana mrefu anayejua kufungua mdomo na kurusha nywele, akampa jina la Malkia. Malkia wa kwanza aliolewa akaenda zake. Wa pili aligombana na Meneja. Wa sasa ni wa tatu, na sauti ni ileile moja, na mashabiki wenye masikio kama masufuria hawajapata kushtuka hata siku moja.

Kisha Chiriku akaugua. Aliimba na homa, ameshika kifua kwa mkono mmoja na maiki kwa mkono wa pili. Meneja akasema ni mafua tu ya vumbi la jukwaani, ziara ikiisha atapelekwa hospitali. Aliyeisha ni Chiriku. Kwenye maziko Meneja alikuja na miwani nyeusi, akakaa kiti cha mbele, akashika tama kuliko mjane yeyote. Udongo haujakauka, fundi mitambo alikuwa amezipanga rekodi za sauti ya marehemu kwenye mtambo wake, na pazia likaondolewa, eti sasa linabana nafasi.

Fimbo akasema hapigi tena. Ndipo alipofuatwa na shemeji yake, kaka wa Chiriku, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi.

"Shemeji, usituangushe," alimwambia. "Hii ni ziara ya kuagana. Onyesho la mwisho nashika maiki mwenyewe, nauambia ukumbi mzima sauti ni ya nani. Dada yangu hawezi kuondoka kimyakimya kama paka."

"Meneja amekubali?"

"Kakubali. Nimeongea naye kiume."

Shemeji huongea na Meneja kiume pale Meneja anapokuwa mbali. Fimbo alilijua hilo, lakini mtu aliyefiwa husikia anachotaka kusikia. Akafungasha drams zake.

Tangu hapo akapigwa kalenda. Mji wa kwanza, Shemeji alisema hapa watu ni wagumu, hawataelewa. Mji wa pili, mdhamini yuko ukumbini, kampuni ya sabuni, haitaki habari za vifo kwenye sabuni yake. Mji wa tatu, Shemeji alikuwa na kikohozi.

"Kikohozi na kusema wapi na wapi?" Fimbo aliuliza, wamekaa kiti kimoja kwenye basi.

"Shemeji, nawe una haraka. Si kuna la mwisho?"

"Hili si lilikuwa la mwisho?"

"La mwisho lenyewe. La mwisho wa la mwisho."

Mbele yao Malkia aligeuka, kofia ya kulalia kichwani. "Baba Fimbo, mngesema tu mwishe. Mimi mwenyewe nimechoka. Juzi mama mmoja kanikumbatia, ananiambia sauti yangu ilimtoa kwenye ugonjwa. Nikabaki nacheka tu kama zuzu."

"Wewe kazi yako mdomo," Meneja alisema kutoka kiti cha mbele bila kugeuka.

"Ndio huohuo ninaoutumia, bosi."

Watu wakacheka kidogo, wakanyamaza. Meneja hapendi kicheko ambacho hakukianzisha yeye.

Safari hii mabango hayakusema uongo, kwa sababu hapakuwa tena na mji ambao bendi ilikuwa haijaufia. Onyesho la kihistoria, kama Meneja alivyoliita redioni, liliwekwa saa nane mchana, jua la utosi, kwa kuwa jioni ukumbi ulikuwa umekodiwa na watu wa harusi. Historia ilitakiwa iwe imemaliza kufagia saa kumi.

Asubuhi walifanya majaribio. Watu wa harusi walikuwa tayari wanapitisha meza katikati ya ukumbi, wamebeba maua ya plastiki, na bendi inapiga juu ya kelele za miguu ya viti. Wakafika kwenye wimbo wa "Sahani Mbili". Huo ndio wimbo wao mkubwa, wa mwanamke anayeandaa meza kwa ajili ya mtu asiyerudi. Unaanza na gitaa peke yake, halafu Chiriku anavuta pumzi, moja, ndefu, inayosikika kama mtu anayefungua dirisha, na hapohapo drams zinaingia. Fimbo hakuwahi kuhesabu mahali pale. Miaka yote aliingia kwa pumzi ya mkewe, kwanza akiwa kando ya pazia lake, baadaye kutoka kwenye spika.

Gitaa likapiga. Fimbo akainua vijiti, akasubiri. Sauti ikatokea ghafla, safi, imenyooka, na yeye hajaingia. Akakata. Bendi nzima ikakata. Hiyo ilikuwa sheria yao tangu walipokuwa wakifanyia mazoezi uani: drams zikinyamaza kila mtu ananyamaza, awe ameshika noti tamu kiasi gani. Malkia alifundishwa hiyo kabla hajafundishwa kutabasamu. Fundi mitambo naye akazima.

"Pumzi iko wapi?" Fimbo aliuliza.

"Nimeitoa," fundi alisema. "Nimeagizwa. Meneja anasema inasikika kama mtu anayepanda ngazi na gunia."

"Irudishe."

"Irudi vipi, mzee? Nimesafisha nyimbo zote. Nilizosafisha ndizo nilizohifadhi juu ya zile za zamani." Akaona uso wa Fimbo, akapunguza sauti. "Sikujua ina maana kwako. Wangeniambia."

Meneja akaja, simu sikioni, akaifunika kwa kiganja. "Kuna nini tena?"

"Umefuta pumzi ya mke wangu."

"Fimbo, ni pumzi. Wimbo uko palepale, maneno yako palepale. Watu wanalipia maneno." Akaendelea na simu yake.

Fimbo akamtazama Shemeji. Shemeji akawa anakaza nyuzi za gitaa ambazo hazikuwa zimelegea.

"Leo utasema?" Fimbo alimuuliza.

"Nimeshaahidi, shemeji."

"Sijauliza kama umeahidi."

"Nitasema. Haki ya dada yangu, nitasema."

Saa nane watu walijaa mpaka madirishani. Walibeba vitambaa vya kufutia machozi, wengine wameanza kulia bado wako kwenye foleni. Bendi ikapiga, Malkia akarusha nywele, jasho likatiririka. Ilipofika zamu ya "Sahani Mbili", Shemeji akashika maiki, ukumbi ukatulia. Fimbo akashusha vijiti mapajani ili asikie vizuri.

Shemeji alimshukuru mwenye ukumbi. Akaishukuru kampuni ya sabuni kwa usafi wake. Akamshukuru dereva wa basi, watu wa harusi kwa uvumilivu wao, na Meneja, ambaye alimwita baba wa bendi ingawa kwa umri wanalingana. Kisha akasema, "Na wapo wengine wengi, wanajijua wenyewe," akarudisha maiki kwenye stendi yake.

Wanajijua wenyewe. Yule yuko chini ya udongo, atajijulia wapi?

Shemeji hakugeuka nyuma. Akaanza gitaa. Sauti ya Chiriku ikatoka bila pumzi, kama kitu kilichokatwa kwa mkasi, na Fimbo akaingia kwa kubahatisha. Akapiga ubeti wa kwanza. Akapiga kiitikio. Katikati ya ubeti wa pili akaviweka vijiti juu ya ngoma ndogo, taratibu, kama mtu aliyemaliza kula, akakunja mikono.

Besi ikakata. Gitaa likakata. Kinanda kikakata. Na Malkia, mwanafunzi mwema wa sheria za bendi, akafunga mdomo.

Sauti ikaendelea.

Iliimba peke yake ukumbi mzima, ubeti wa pili wote, kuhusu sahani inayopoa na mtu asiyerudi. Malkia alisimama pale mbele midomo imebana, macho yamemtoka. Fundi mitambo hakuwepo wa kuizima. Meneja alikuwa amemtuma mlangoni akawazuie watu wa harusi wasiingize keki. Meneja mwenyewe alikimbilia kwenye mtambo, akabonyeza huku na huku kama anayeua siafu, na sauti ikazidi kupanda, kwa maana mtu yule amekuwa akiuamuru mtambo miaka yote bila kujua unazimwa wapi.

Mluzi ukapigwa. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Sasa anayeimba nani?"

Malkia akageuka, akamtazama Fimbo. Fimbo hakumpa ishara yoyote. Basi Malkia akaichomoa maiki kwenye stendi.

"Si mimi," alisema. "Hata siku moja sijawahi kuwa mimi. Huyu anaitwa Chiriku. Ni marehemu. Mume wake ni yule pale nyuma, kwenye drams."

Ukumbi ukageuza macho. Wengine walizomea wakidai kiingilio chao, wengine wakaketi chini. Wimbo ukafika mwisho wake wenyewe, ukaisha.

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya mafagio. Fimbo alijua Meneja atakuja na matusi. Akaja na tabasamu, jasho shingoni, akamshika bega.

"Fimbo, wewe ni mtu wa ajabu. Umeona watu walivyoganda? Bendi haivunjiki. Tunazunguka tena miji yote. Sauti ya Marehemu. Jina la Chiriku juu, herufi nyekundu, picha yake tunaitengeneza vizuri, jino tunaliweka."

"Dada angefurahi," Shemeji alisema.

Fimbo alimpa Shemeji mgongo. Kisha akamuuliza Meneja, "Na drams atapiga nani?"

"Wewe."

"Sipigi."

Meneja akafikiri kidogo tu. "Hata hivyo si neno. Tunazo zako zote kwenye mtambo."

Fimbo akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Shemeji naye akajaribu kucheka, asijue anacheka nini.

"Umenizika na mimi, bosi," Fimbo alisema. "Sikujua. Msisahau kunisafisha pumzi."

Akaziacha drams zilivyokuwa, akatoka kwa mlango wa mbele, kati ya watu wa harusi na mashabiki waliobaki wakibishana barazani. Mama mmoja mwenye kitambaa mkononi akamzuia.

"Samahani baba. Wewe ndiye mume wa Chiriku?"

"Ndiye mimi."

"Miaka yote hiyo mbona hamkutuambia?"

Fimbo akaonyesha kwa kidevu ukumbi aliotoka.

"Wenye midomo wako ndani," akasema. "Kawaulize."